Ufunguo Niliosafiri Nao

Kabla sijamwona mtu yeyote katika ofisi ile, nilisikia muhuri. Ko. Kimya. Ko. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika ujia usio na taa, siku yangu ya kwanza kazini, miguu ikiwa imebanwa na viatu vya dada yangu, na mlio ule ulikuja kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, taratibu, kama wa mtu anayepigilia misumari kwenye kitu asichotaka kifunguke tena. Nikajiambia kwamba yeyote aliye nyuma ya mlango huo ndiye mwenye kiwanda.

Hakuwa mwenye kiwanda. Alikuwa Mzee Odera, karani mkuu, mtu mwembamba mwenye koti moja la kijivu.

"Umefika saa ngapi?" aliniuliza alipofungua.

"Saa moja, mzee."

"Sasa ni saa mbili. Umekaa hapo nje ukingoja nini? Kazi haiji kwenye benchi kumtafuta mtu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nimestaafu majuzi, miguu imechoka na macho yamechoka zaidi, na wenzangu mnaobaki mmeniomba niandike machache kuhusu miaka hiyo. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Waliopandishwa wanajua, na walioachwa wanajua zaidi. Nitaandika juu ya muhuri, ufunguo wake, na msaidizi wangu, Mwende, kwa sababu kila ninapojaribu kukumbuka jambo lingine, kumbukumbu inarudi hapo yenyewe, kama mbwa anayejua kwao.

Kiwanda chetu kilikuwa Industrial Area, eneo la viwanda la jiji, na kilitengeneza ndoo na beseni. Kama ulikulia mitaa ya Eastlands, huenda uliogeshwa ndani ya kazi yetu. Mimi niliishi mtaa wa Jericho, na kila asubuhi nilitembea hadi kazini pamoja na mto wa watu waliokuwa wakielekea viwandani, wengi wao vibarua wasiojua kama siku hiyo wangechaguliwa getini au wangerudi nyumbani na chakula chao kwenye mkebe.

Mzee Odera alinifundisha kila ninachokijua. Badilisha tarehe ya muhuri kabla hujanywa chai. Usigonge muhuri kwenye karatasi tupu, hata kama anayekuomba ni mamako. Ngoja wino ukauke ndipo ukunje barua. Muhuri wenyewe ulikuwa kitu kidogo chenye mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho la viganja, lakini bila huo hapakuwa na likizo, hapakuwa na ruhusa ya kutoka getini, na kibarua aliyeumia hakutibiwa katika kliniki tuliyokuwa na mapatano nayo. Mzee alikula chakula cha mchana muhuri ukiwa mfukoni. Koti lake lilikuwa na doa la zambarau upande wa kushoto, doa ambalo mkewe alishindwa kuliosha na mwishowe akalizoea.

Siku aliyoondoka aliniwekea muhuri mkononi, na ufunguo wa droo juu yake. "Usimpe mtu," alisema.

Niliishika amri hiyo kwa miaka mingi. Siku hizi nadhani alimaanisha wezi.

Kazi ilipozidi nikapewa msaidizi. Mwende alitoka Majengo, Pumwani, alikoishi na baba yake, mchonga vinyago kutoka Ukambani. Alikuja kwa miguu kupitia Shauri Moyo na kuvuka reli, viatu vyake vya kazini vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na alivivaa akiwa amesimama kwa mguu mmoja nje ya mlango wetu bila kushika ukuta. Alikuwa katika miezi sita ya majaribio. Kama faili lake lingebaki safi angeajiriwa kabisa. Kama lingechafuka, angerudi nyumbani na mfuko wake wa viatu.

Ninyi mtakaopewa wasaidizi, sikilizeni nilivyomtumia. Nilimpa kazi kama mtu anavyompa mtoto mchanga kikombe: mkono wangu haukutoka chini yake. Nikimwambia aandike barua, nilisimama nyuma ya kiti chake nikipumua. Nikimwambia apige simu, niliongeza, "Lakini usiseme kitu mpaka nije." Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko wakati nilipokuwa peke yangu, kisha nikawalalamikia majirani kwamba wasichana wa siku hizi hawajitumi.

"Madam, nikimaliza hii nifanye nini?" aliniuliza siku moja.

"Uniulize."

"Ndio nakuuliza."

"Basi ngoja, bado nafikiria."

Alingoja. Alikaa mikono ikiwa mapajani, akitazama rundo la karatasi mbele yangu, na mimi nikiwa nyuma ya rundo hilo kama mwenye duka asiyetaka kuuza. Kuhusu droo, nilikuwa nimemwambia tangu wiki ya kwanza kwamba atakayeigusa ajitafutie kazi nyingine. Nilimwambia nikicheka. Hakucheka.

Halafu shangazi yangu aliyenilea akafariki, nikatakiwa kwenda Bungoma kumzika. Kabla ya kuondoka nilimwandikia Mwende orodha ya kazi, ukurasa mzima, hadi saa ya kumwagilia ua la dirishani. Chini kabisa nikaandika: *Mengine yote, shughulikia wewe.* Nikatia sahihi. Kisha nikafunga droo, muhuri ukiwa ndani, nikaufunga ufunguo kwenye pembe ya hanchifu yangu na kuutia mkobani.

Nataka mlijue hili vizuri, maana nilichelewa mno kulisema. Sikuusahau ule ufunguo. Ndani ya basi, tulipokuwa tukishuka kuelekea Naivasha, niliupapasa mkobani nikahisi fundo la hanchifu, na moyo wangu ukatulia. Nilifurahi kwamba ofisi haingeweza kupumua bila mimi.

Siku ya mazishi nilikaa karibu na jeneza, na simu yangu ilikuwa imezimwa kwa heshima. Simu na ufunguo vililala pamoja mkobani, vyote viwili vimezimwa. Wakati huo huo, kiwandani, kijana mmoja aitwaye Barasa alitia mkono kwenye mashine kuinasua ndoo iliyokwama, na kalibu, kile chuma kinachoipa ndoo umbo, kikajifunga juu ya vidole vyake.

Mwende aliandika barua ya matibabu kwa dakika mbili. Alikimbia na Barasa hadi kliniki, ng'ambo ya barabara. Muuguzi wa mapokezi akaisoma, akaigeuza, akatazama nyuma yake.

"Dada, muhuri uko wapi?"

"Umefungiwa. Mwenye ufunguo yuko matangani."

"Bila muhuri mimi siwezi. Wakiniuliza nilimpokea kwa karatasi gani, niseme nini?"

Akarudi mbio ofisini. Mlinzi akamletea nyundo. "Vunja," akamwambia, "si ni mbao tu." Mwende alinisimulia baadaye kwamba aliishika ile nyundo, akaiinua, kisha akaisikia sauti yangu ikisema ajitafutie kazi nyingine. Akaiweka chini. Akakodi teksi, akampeleka Barasa hospitali ya umma, wakakaa kwenye foleni mchana kutwa, mkono wa kijana ukiwa umefungwa kwa sweta lake Mwende. Jioni daktari aliviondoa vidole viwili. Aliulizwa kama vingeokolewa iwapo wangefika mapema. Alijibu, "Labda." Neno hilo dogo nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na watu wengi.

Nilipowasha simu, ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine. *Madam ufunguo uko wapi. Barasa ameumia mkono.* Halafu: *Madam tafadhali.* Na wa mwisho: *Usijali, tuko hospitali. Pole na msiba.* Huo wa mwisho ndio ulioniuma.

Jumatatu meneja aliniita. Mezani kwake ilikuwa ile orodha yangu, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa chini.

"Hapa umeandika mengine yote ashughulikie yeye."

"Ndiyo, bwana."

"Sasa kwa nini hakushughulikia?"

Ningeweza kutoa hanchifu. Ilikuwa magotini pangu, ndani ya mkoba, fundo lake bado halijafunguliwa. Nilitazama dirishani, ndoo za bluu zilivyopangwa uani moja ndani ya nyingine, nikanyamaza. Akaudhani unyamavu wangu kuwa huruma kwa msaidizi.

"Mwandikie barua ya onyo," alisema. "Uzembe."

Nikarudi ofisini. Na kwa kuwa barua zote za ofisi ile zilichapwa na Mwende, na mimi nilikuwa mtu wa mazoea, nilimpa achape na hiyo.

Aliisoma. Vidole vyake vikatulia juu ya kompyuta, kisha vikaanza, bila haraka, bila kosa.

"Niweke nakala ngapi, Madam?"

"Mbili."

"Moja ya faili, moja yangu."

"Ndiyo."

Printa ikazitoa. Akaziweka mbele yangu, akasimama. Nilifungua mkoba, nikafungua fundo, nikafungua droo. Ko. Ko.

"Leo muhuri umepatikana upesi," alisema Mwende, akachukua nakala yake.

Wiki mbili hakuniambia neno lisilo la kazi. Barasa alikuja siku moja kuchukua barua yake ya mapumziko, mkono ukiwa umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Alikuwa mtu wa kwetu, wa magharibi, tena mcheshi, na nilikuwa nimeogopa kuja kwake kuliko nilivyowahi kuogopa mkaguzi yeyote.

"Usinitazame hivyo, Madam," alisema. "Vimebaki vitatu. Vinatosha ugali."

"Pole sana, Barasa."

"Pole mpe huyu dada. Sweta lake lilikuwa jipya. Nilimwambia nikifa nizikwe nalo, akasema heshima hiyo hanipi." Akacheka peke yake. Mwende akatabasamu kwa mara ya kwanza, akitazama kompyuta.

Ijumaa iliyofuata, majaribio yake yakiwa yamebakiza siku chache, nilikuta bahasha juu ya meza yangu. Mwende alikuwa ameacha kazi. Angekuja wiki moja zaidi, barua ilisema, kuonyesha mambo yalipo, kisha aende. Niliitia kwenye droo na kuifunga, kama kwamba jambo lililofungiwa haliwezi kutokea.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Pumwani. Niliuliza mara mbili, nikaonyeshwa banda la mabati lenye harufu ya mbao mbichi na rangi ya viatu. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini, shoka dogo mkononi, vumbi la mbao likiwa kwenye kope. Kando yake walisimama twiga wapatao ishirini, wote bila masikio.

"Karibu, mama. Twiga au kifaru? Kifaru tutaelewana."

"Namtafuta Mwende. Natoka kazini kwake."

Alinitazama, kisha akautazama mkoba wangu. "Kumbe ndiye wewe mwenye ufunguo," alisema, akarudi kwenye kazi yake. "Kaa. Ameenda kuteka maji."

Nilikaa juu ya gogo. Hakuniuliza neno. Mwishowe nikauliza nililoliona: mbona twiga hawana masikio?

"Mimi nakata mwili. Masikio ni ya Kilonzo, banda la tatu hapo." Aliinua twiga mmoja, akanionyesha bonge la mbao lililoachwa juu ya kichwa. "Namwachia hii. Nikipunguza kichwa chote mimi, yeye atakata nini? Atabaki kulaumiwa kwa masikio ambayo hakuachiwa mbao."

Sijui kama alinisema mimi au alimsema twiga. Aliendelea kukata, na vipande vilirukia viatu vyangu.

Mwende akaingia na ndoo ya maji, ndoo ya bluu, ya kwetu. Aliponiona hakushtuka.

"Madam. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwa sababu ya barua."

"Gani? Ile yangu ama ile yako?"

"Zote mbili."

"Yangu haina muhuri. Labda ndiyo maana hujaiamini."

Baba yake alikohoa, au alicheka. Nikasimama, kwa kuwa maneno mengine hayasemeki mtu akiwa amekaa. "Mwende, ule ufunguo sikuusahau. Niliubeba nikijua."

Aliiweka ndoo chini polepole, maji yasimwagike. "Najua. Kitu cha kusahaulika hakifungwi fundo." Akajifuta mikono. "Lakini mimi si wa kuambiwa, Madam. Waambie walioisoma barua. Mimi niliichapa tu."

Jumatatu nilimwambia meneja. Alinisikiliza hadi mwisho, kalamu ikiwa imesimama.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa. Nimechoka tu."

Alisema karatasi haziondolewi kwenye faili, hata zikiwa za uongo. Aliniagiza niandike nyingine, ya onyo kwangu, na nakala yake iwekwe juu ya ile ya Mwende, ili atakayefungua aanze na yangu. Kuhusu kazi ya Mwende, alisema haoni sababu ya kumnyima, kama mwenyewe bado anaitaka.

Niliiandika kwa mkono, nikampelekea Mwende, na juu ya karatasi nikaweka ufunguo.

"Nichape?"

"Chapa. Na muhuri ugonge wewe."

Aliisoma mara mbili. "Hapa umeandika 'kasoro ya mawasiliano'. Hiyo ni nini?"

"Tuandike nini basi?"

"Lile neno la kwangu."

"Andika uzembe," nikasema.

Akaandika. Akafungua droo, akabadilisha tarehe, akapulizia muhuri pumzi kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumfundisha. Ko. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, na tangu siku ile ya benchi sikuwa nimeusikia mlio huo kutoka mikononi mwa mtu mwingine isipokuwa Mzee Odera na mimi. Ndani ya droo aliiona bahasha yake. Nilidhani ataichana. Aliigeuza mkononi, kisha akairudisha palepale.

"Ikae hapo," alisema. "Nikiitaka najua ilipo."

Ilikaa hapo miaka yote iliyobaki. Nilijitahidi, kila siku ya kazi, asije akaihitaji.

Sasa mnaotaka niwaambie jinsi ya kumpa mtu kazi, haya ndiyo niliyojifunza, na niliyajifunza kwa vidole vya mtu mwingine. Mpe kazi pamoja na ufunguo wake. Mwambie unataka ifike wapi, halafu mwache achague njia. Nenda mwenyewe kwa watu wanaohusika, ukawaambie kwa kinywa chako kwamba neno lake ni lako; mimi nilivuka barabara hadi kliniki na Mwende, nikamwonyesha muuguzi sahihi yake. Kisha ondoka mlangoni. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwende alipanga mafaili kwa rangi, nikawa siyapati. Aliondoa ule msukumano wa asubuhi getini, vibarua wakawa wanaitwa kwa orodha iliyobandikwa jana yake, na wasimamizi walinijia wiki nzima wakitaka nimkanye. Nilikunywa chai. Kunyamaza ni kazi nzito; ilinichosha kuliko kuchapa. Alikosea pia. Aliwahi kuagiza glavu za saizi moja, kubwa mno, na kwa mwezi mzima mashine zilihudumiwa na watu wenye mikono ya bata. Alizirudisha mwenyewe, akaomba radhi mwenyewe, na kosa lile likabaki lake.

Barasa alirudi kazini, akawekwa getini. Kila asubuhi alinifungulia ule mlango mdogo uliokatwa ndani ya geti kubwa, kwa mkono uleule, na hakuwahi kubadilisha mkono ili kunihurumia. Nilimshukuru moyoni kwa hilo, ingawa sikujua jinsi ya kumwambia.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa ya kawaida. Tulikula keki, tukaombewa. Niliweka ua la dirishani kwenye karatasi ya gazeti nikaenda kumuaga Mwende. Alikuwa na msaidizi wake siku hizo, dada mmoja wa mtaa wa Fedha aliyevaa miwani, na wawili hao walikuwa wameinama juu ya jambo. Ufunguo wa droo ulining'inia kwenye msumari ukutani, mahali ambapo mkono wa yeyote kati yao ungeufikia.

"Mama," alisema Mwende. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Nikusindikize?"

"Una kazi. Maliza."

Nikashuka ngazi. Barasa alikuwa amesimama getini, kofia mkononi.

"Sasa nani atanifokea nikichelewa?"

"Mwende."

"Huyo hafoki. Huyo anakutazama tu." Akafungua mlango mdogo, akaushikilia. "Haya, Madam. Nenda upumzike. Na hiyo maua isikufie mikononi."

Nilivuka kizingiti, nikasimama hatua mbili nje. Sijui nilingoja nini. Labda kusikia dirisha la juu likifunguliwa na mtu akiniita: Madam, ile karatasi, Madam, hapa tufanyeje. Mashine zilinguruma. Kutoka juu, kwa mbali, nikasikia muhuri. Ko. Hakuna aliyeniita. Vidole vitatu vya Barasa vikavuta komeo, na mlango ukafungwa nyuma yangu.